Smash: zima kuruka kwa stiki kabla hujalaumu pedi

Kwenye Super Smash Bros. Ultimate ya Nintendo Switch hufi kwa damu kuisha. Asilimia zako zinapanda, na kadiri zinavyopanda ndivyo kipigo kinavyokurusha mbali, hadi nje ya ulingo. Kwa hiyo kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Wahusika wengi wana ruko moja tu la hewani, kisha juu na B, yaani kusukuma stiki juu huku unabonyeza kitufe cha B, pigo maalumu la kukurudisha ulingoni. Tatizo ni kwamba gemu inakuja na stiki inayomfanya mhusika aruke ukiisukuma juu. Unataka juu na B, kidole kinachelewa kidogo tu, ruko limeshaliwa. Mario akishatumia juu na B anaanguka kama gunia mpaka akanyage chini au adake ukingo. Kwaheri.

Ingia mipangilio ya pedi, tengeneza jina lako, zima kuruka kwa stiki, bakiza vitufe vya X na Y kwa kuruka. Siku mbili za kwanza vidole vitagoma. Mimi nilipigwa hata na mdogo wangu. Halafu usisahau kuchagua jina hilo kabla ya mechi, maana mipangilio inafuata jina, haifuati pedi.