Jinsi ya kujenga mtumbwi wa fito za mwerezi nyumbani, hatua kwa hatua

Mtumbwi wa fito hauchongwi kutoka kwenye gogo, wala haupigwi kalafati kama jahazi. Unaujenga kwa fito nyembamba zinazogundishwa ubavu kwa ubavu juu ya violezo, yaani vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa umbo la mtumbwi, kisha unauvika kitambaa cha faibaglasi nje na ndani na kukilowesha epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na kigumishi. Ukimaliza unakuwa na chombo cha mita 5 hivi, chenye uzito wa kilo 25 au zaidi kidogo, ambacho mtu mmoja anakibeba mabegani. Mwerezi peke yake ni laini. Nguvu inatokana na mbao kubanwa katikati ya tabaka mbili za faiba, kwa hiyo usishawishike kuacha tabaka la ndani ili kupunguza gharama.

Umbo la mtumbwi huu huamuliwa kwenye violezo, kabla ufito wa kwanza haujapakwa gundi. Wengi huharakia fito kwa sababu ndiyo kazi inayopendeza macho, lakini kiolezo kilichokaa upande kwa milimita 3 hakirekebishwi na ufundi wowote wa baadaye.

Maandalizi

Tafuta chumba kinachozidi urefu wa mtumbwi kwa mita 1 na nusu au zaidi, chenye nafasi ya kupita pande zote mbili. Zana ni za kawaida za seremala: msumeno wa meza, randa ndogo yenye makali ya kweli, patasi, pimamaji, uzi, stepla na klempu nyingi kuliko unavyodhani zitatosha. Mashine ya ruta, ya kuchonga kingo za mbao, inasaidia sana ila si lazima.

Nunua ramani ya mtumbwi uliokwisha kujengwa na watu wengine, usibuni umbo lako mara ya kwanza. Angalia kama vipimo vyake ni vya nje ya fito au vya ndani. Kama ni vya nje, kila kiolezo lazima kipunguzwe unene wa ufito.

Vaa barakoa nzuri tangu siku ya kwanza. Vumbi la mwerezi mwekundu lina asidi ya plikati, ambayo huwaletea baadhi ya watu pumu, na mwili ukishaanza kulikataa, dozi ndogo tu inatosha kukuumiza.

Hatua ya 1: Msingi na violezo

Tengeneza boriti ya msingi iliyonyooka, mfano wa sanduku refu la plaiwudi, uiweke juu ya miguu imara na kuisawazisha kwa pimamaji. Piga mstari wa katikati juu yake kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kisha weka alama za vituo, yaani mahali violezo vitakaposimama, kila baada ya sentimita 30.

Bandika ramani kwenye plaiwudi ya milimita 12 hadi 18, kata kila kiolezo nje kidogo ya mstari, kisha kifikishe kwenye mstari kwa msasa. Kila kiolezo kiwe na mstari wa katikati na mstari mmoja wa ulalo. Mtumbwi unajengwa kichwa chini, kwa hiyo violezo vitasimama na tumbo la mtumbwi likiangalia juu.

Kuna jambo moja ambalo ramani nyingi hulitaja kwa mkato. Plaiwudi ina unene, na mtumbwi hupungua upana kuelekea ncha. Uso wa kiolezo unaotazama ncha ndio ukae juu ya alama ya kituo, na unene wote uangukie upande wa katikati ya mtumbwi. Ukigeuza, ukingo wa plaiwudi utausukuma ufito nje na utaona kivimbe kila baada ya sentimita 30.

Funga uzi ulionyooka juu ya mstari wa katikati na ukague kila kiolezo kwa timazi. Halafu chukua ufito mmoja mrefu, ulaze juu ya violezo, uuangalie kutoka nchani jicho likiwa sawa na mbao. Unapaswa kugusa kila kiolezo bila kulazimishwa. Palipo na mwanya, weka kibandiko chembamba; palipobinuka, piga msasa. Rudia mbavuni, kwenye mkunjo wa ubavu na tumbo, na juu karibu na mgongo, yaani mstari wa katikati ya tumbo. Hapa mpe jicho muda, kwa sababu linaona hitilafu ambayo futi haioni. Mwisho, funika kingo zote za violezo kwa utepe wa plastiki ili gundi isishike.

Vipande vilivyopinda vya omo na tezi hutengenezwa kwa kugundisha vipande vyembamba vya mti mgumu unaopindika, vilivyolainishwa kwa mvuke. Vifunge kwenye violezo vya ncha, kisha vichonge mshazari pande zote mbili ili fito zilale juu yake bila pengo.

Hatua ya 2: Kuchana fito

Ufito wa kawaida una unene wa milimita 6 na upana wa milimita 19 hivi. Chagua mbao zenye nyuzi zilizonyooka na mafundo machache. Kwa mtumbwi wa mita 5 utahitaji fito 60 hadi 75. Chana na za akiba, kwa kuwa nyingine zitavunjika. Mbao zikiwa fupi, unganisha kwa kiungo cha mshazari cha urefu wa mara nane ya unene, yaani karibu sentimita 5.

Kwa ruta, toa mgongo wa duara ukingo mmoja na mfereji ukingo wa pili. Hapo ufito mmoja unakaa ndani ya mwenzake hata umbo linapokunja kona. Bila ruta utalazimika kuranda mshazari kwa kila ufito, kazi ya polepole lakini safi.

Zitunze kwa mpangilio wa ubao zilikotoka. Fito mbili za ubao mmoja zikiwekwa moja kushoto na moja kulia, rangi za pande mbili zitalingana.

Hatua ya 3: Kupanga fito

Anza na ufito wa ukingo, mfereji ukitazama juu, kwa sababu mfereji ndio utakaopokea gundi. Upige stepla kwenye kila kiolezo. Weka wa upande wa pili mara moja, na uendelee hivyo hivyo, mmoja huku, mmoja kule, ili mvutano usivipeleke violezo upande mmoja.

Gundi ya mbao iwe mstari mwembamba usiokatika. Ukibana, vitone vidogo vitokeze urefu wote wa kiungo. Pasipotoka kitu, gundi haikutosha. Futa vilivyo nje kwa kitambaa chenye unyevu, na usisahau vya ndani, maana vikikauka huko utavichimba kwa patasi.

Karibu na ncha fito hujipinda sana. Zishike kwa klempu na kuzisokota taratibu. Ufito unaolia uache upumzike, au ulainishe kwa kitambaa cha maji moto. Fito za upande mmoja zikifika mgongoni, zikate kwa mstari wa katikati ulionyooka, halafu zile za upande wa pili ziingie moja moja, kila moja ikirandwa mpaka ikae. Ule ufito wa mwisho kabisa unachukua muda kuliko kumi ya mwanzo.

Hatua ya 4: Kulainisha nje

Ng'oa stepla zote. Randa kwanza, msasa baadaye. Tumia msasa namba 80 uliobandikwa kwenye ubao mrefu unaopindika kidogo, ukienda kwa mshazari, kisha namba 120. Zima taa kubwa na uweke taa moja pembeni. Vivuli vitakuonyesha mabonde. Pangusa mbao kwa maji ili nyuzi zisimame, ziache zikauke, upige msasa mara ya mwisho.

Hatua ya 5: Faiba na epoksi

Hii ndiyo siku ya kutokuwa na shughuli nyingine. Anza joto la chumba likiwa limetulia au linashuka. Joto likipanda, hewa iliyo ndani ya mbao hutanuka na kutoka kama mapovu chini ya kitambaa.

Tandaza kitambaa cha gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, kipapase kwa mkono mpaka kilale. Changanya epoksi kidogo kidogo, kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, bila kuongeza kigumishi kwa nia ya kuharakisha, kwani haitakauka sawasawa. Koroga ukikwangua kuta za kikombe, kisha mimina haraka kwenye trei pana, kwa sababu ikirundikana kikombeni hupata joto na kuganda. Vaa glavu, epoksi mbichi husababisha mzio wa ngozi.

Anzia katikati kwenda nchani. Kitambaa cheupe kitageuka na kutoweka, na rangi ya mwerezi itajitokeza. Palipobaki weupe pana kiu, ongeza. Panapong'aa kama kioo pamezidi, na kitambaa kinaelea. Vuta ziada kwa mpapuro wa mpira. Unachotaka ni mng'ao hafifu na mfumo wa nyuzi unaoonekana. Epoksi inaposhika bila kubaki kidoleni, paka koti la pili, halafu la tatu, mpaka nyuzi zifunikwe. Ukichelewa mpaka ikakauka kabisa, osha kwa maji na upige msasa kabla ya koti lingine.

Hatua ya 6: Ndani

Utoe mtumbwi kwenye violezo, uugeuze juu ya vihimili vilivyotandikwa zulia. Kwangua kwa kikwanguo chenye makali ya mviringo. Ziba pembe za omo na tezi kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Tandaza faiba vilevile, ila ndani usijaze nyuzi kabisa: ule ukwaru unazuia miguu kuteleza, na uzito unapungua.

Hatua ya 7: Kingo, viti na vanishi

Kabla ya kufunga kingo, rudisha upana wa katikati ulio kwenye ramani kwa kijiti cha muda, maana mtumbwi bila violezo hupanuka. Funga vipande virefu vya mti mgumu ndani na nje ya ukingo kwa epoksi na skrubu zisizoshika kutu, kisha boriti ya katikati, inayovuka kutoka ukingo hadi ukingo, na viti. Viti vikae chini ya ukingo, kwani kila sentimita unayopanda inapunguza utulivu majini.

Piga msasa epoksi mpaka ififie kote, ukivaa barakoa, kisha paka vanishi yenye kinga ya jua makoti matatu au manne. Epoksi peke yake huwa ya manjano na kuchakaa juani. Hifadhi mtumbwi kichwa chini, kivulini, ukiwa umekalia kingo zake, na uongeze koti la vanishi mng'ao unapoanza kufifia.