Riwaya Ndefu ya Mwisho wa Dunia Ikikuvunja Moyo: Jinsi ya Kupata Palipoharibika

Riwaya ya kurasa 900 ina maneno kama 270,000. Ukisoma maneno 250 kwa dakika, itachukua saa 18. Sura za mwanzo, zile za miji kuzimika na barabara kujaa magari yaliyoachwa, hukuahidi makubwa, kisha ukifika ukurasa wa 400 unajikuta unahesabu kurasa zilizobaki. Usiifunge kwa hasira, wala usijikokote hadi mwisho. Tafuta kwanza palipoharibika. Ukipajua, utaamua vizuri kama uendelee, uruke au uache, na ukiandika uhakiki hutamwonea mwandishi.

Angalia toleo ulilonalo. The Stand, riwaya ya mwisho wa dunia ya mwandishi Mmarekani Stephen King, ilitoka mwaka 1978 ikiwa imepunguzwa sana. Mwaka 1990 ilitoka tena ikiwa imerudishiwa kurasa takriban 400, na wakati wa matukio ukasogezwa kutoka 1980 hadi 1990. Watu wawili wanaobishana kama inachosha huenda hawakusoma kitabu kimoja.

Soma na penseli mkononi. Alama nne pambizoni zinatosha: R kwa kisa kinachojirudia, M kwa jambo lisiloingia akilini, T kwa mhusika anayetenda kinyume na tabia yake bila kusukumwa na chochote, na N kwa ukurasa ulionasa moyo wako. Kwenye kitabu cha kidijitali, tumia rangi nne za kuangazia maandishi. Usiipuuze N hata kidogo. Msomaji aliyechoka husahau haraka yale mazuri aliyoyapitia, na bila alama hizo atasema kitabu kizima ni kibovu wakati theluthi yake ilikuwa bora.

Sasa simama mara tatu: ukurasa wa 100, theluthi ya kitabu, na nusu. Kila mara andika sentensi moja inayojibu swali hili: nasubiri kujua nini? Hapa ndipo riwaya nyingi za aina hii huanguka. Mwanzoni taharuki inajiendesha yenyewe, kwa sababu swali ni moja na ni zito: nani atanusurika? Maangamizi yakishapita, swali hilo limekwisha kujibiwa. Lazima lizaliwe jingine, kwa mfano nani atatawala waliobaki, kwa sheria gani, na wanyonge watafanywa nini. Mwandishi asipokuwa nalo hulijaza pengo kwa mzunguko: wahusika wanasafiri, wanakuta nyumba tupu, wanapata chakula, wanavamiwa, wanatoroka, wanasafiri tena. Hesabu mizunguko hiyo kwa kutumia alama zako za R. Mzunguko wa pili unavumilika. Wa tatu ukimalizika na hakuna aliyebadilika, hakuna uhusiano uliovunjika wala siri iliyofichuka, ugonjwa umeuona. Linganisha pia sentensi zako tatu: ile ya nusu ya kitabu ikiwa ni ileile ya ukurasa wa 100, hadithi imesimama hata kama watu ndani yake wanatembea.

Kwa alama za M, kuwa na tarakimu chache za kupimia. Mtu mzima anahitaji kama kilokalori 2,000 kwa siku, na kilo moja ya mahindi makavu hutoa takriban 3,600. Basi mtu mmoja hula karibu kilo 200 kwa mwaka, na kijiji cha watu 40 kinahitaji tani 8. Kikiishi miaka mitatu kwa makopo ya duka moja lililoporwa, mwandishi hakupiga hesabu. Petroli iliyokaa huanza kuharibika ndani ya miezi, kwa kuwa sehemu zake nyepesi huvukiza na nyingine huungana na oksijeni na kuacha utomvu unaoziba njia za mafuta. Gari linalowaka kwa petroli ya miaka kumi linahitaji maelezo. Insulini, dawa ya wenye kisukari, iliyotolewa kwenye friji hutegemewa kwa takriban wiki nne. Mtembea kwa miguu mwenye mzigo huenda kilomita 20 hadi 25 kwa siku, kwa hiyo chukua safari ya sura nzima uigawanye uone kama siku zinatosha.

Tumia vipimo hivyo kwa haki. Riwaya iliyoandikwa kama fumbo, ambamo hakuna hata anayetajwa akila, haihukumiwi kwa kilo za mahindi. Lakini mwandishi anayekueleza kwa kurasa tatu jinsi ya kuchuja maji, kisha akawapa wahusika umeme usiojulikana unatoka wapi, amevunja masharti aliyojiwekea mwenyewe. Kosa hilo ni lake, na ni halali kulitaja.

Kabla ya kulaumu kitabu, kipumzishe wiki moja, kisha soma upya kurasa 10 za mwisho ulizofikia. Zikikushika, ulikuwa umechoka tu. Zisipokushika, angalia kama uchovu unatokana na msafara mmoja wa wahusika, maana riwaya hizi hupenda kuwa na misafara mitatu au minne inayokuja kukutana. Ruka ule unaokuchosha, lakini soma aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sura yake. Ukiruka sura nzima utapitwa na kitu kilichopandwa humo, kama mtoto mgonjwa au daraja lililobomoka, na kilele kitaonekana cha kubahatisha wakati kosa ni la kuruka.

Mwisho wenyewe una kipimo kimoja. Tambua kilichowaokoa au kuwaangamiza wahusika, kisha rudi nyuma ukitafute kabla ya theluthi ya mwisho. Mlipuko, maono au jeshi lisilodokezwa popote ni njia ya mwandishi kujinasua. Kikiwa kilidokezwa mapema ukapitiwa, futa lawama hiyo kwenye daftari lako.

Ukiandika uhakiki, taja toleo na ukurasa ulioishia. Aliyeacha ukurasa wa 500 ana haki ya kusema kwa nini aliacha, ila hana haki ya kuhukumu mwisho asioufikia. Tenganisha "hakikunifaa" na "kina kasoro", na kwa kila kasoro toa tukio moja lenye namba ya ukurasa. Weka angalau N mbili. Usifichue nani anakufa baada ya nusu ya kitabu. Ukilazimika, onyo litangulie aya yenyewe.