Kuanza mechi za shabaha kwa bunduki ya .22: mara ya kwanza nenda mikono mitupu

Toka nianze huu mchezo huku Ohio, Marekani, ndugu zangu wanauliza kama nimejiunga na jeshi, manake sisi nyumbani bunduki tumeizoea begani kwa mlinzi wa benki basi. Hapa Jumamosi asubuhi unakuta babu wa miaka sabini, mama na binti yake, fundi wa magari, wote wamepanga foleni kulenga vibati vya chuma kwa risasi ndogo ya .22 (upana wake kama inchi 0.22), na mechi yangu ya kwanza niliachwa mbali na katoto ka miaka 12.

Mechi nnazozungumzia ni hizi za mtindo wa NRL22, ligi ya shabaha ya bunduki za .22. Klabu za sehemu mbalimbali zinapiga steji zilezile kwa mwezi (steji ni kituo kimoja chenye vibati na maelekezo yake), vibati viko ndani ya yadi 100, na kila steji una muda, kwa kawaida sekunde 120. Hulali kwenye mkeka tu ukajipigia, utaambiwa uweke bunduki juu ya ngazi, juu ya tairi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, halafu uhame. Kuna steji vibati vinazidi kuwa vidogo mpaka cha robo inchi, yaani kidogo kuliko kifungo cha shati.

Kabla ya yote, karatasi zako. Mwenye green card anaruhusiwa kununua bunduki, ila kama uko Marekani kwa visa ya muda kama ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kwa ujumla hata kuishika, ukiacha watu wachache wenye ruhusa maalum, so usikubali hata kuazimwa mpaka umeongea na mwanasheria wa uhamiaji. Hili usilichukulie poa, kuna mtu anaweza kupoteza maisha yake ya huku kwa sababu ya picha moja ya renji.

Karatasi zikiwa sawa, usinunue kitu. Tafuta klabu iliyo karibu, waandikie kwamba wewe mgeni na huna bunduki, halafu nenda. Hawa watu wanapenda kuazimisha vitu vyao kupita kiasi, mi mechi ya kwanza nilipiga kwa bunduki ya mzee mmoja, mfuko wa kuegemeza bunduki wa mwingine, na risasi za wa tatu ambaye alikataa pesa yangu. Ukishashika tatu nne tofauti ndo utajua mwili wako unataka nini. Watu wengi wanaanza na CZ 457 au Tikka T1x, zote za bolti, yaani unavuta komeo kwa mkono kila risasi, na kama tayari una Ruger 10/22 kabatini anza nayo hiyohiyo.

Skopu, ile darubini ya juu ya bunduki, ndo watu wanakosea. Skopu nyingi za bunduki kubwa zimetengenezwa kwa umbali mrefu, ukiangalia kibati cha yadi 25 picha inakuwa ukungu, na ukisogeza jicho kidogo tu msalaba wa kulengea unahama juu ya shabaha. Tafuta yenye kitasa cha kurekebisha hilo kuanzia yadi 25 au chini, na vitasa na mistari ya ndani viwe kipimo kimoja, mili kwa mili (mili ni kipimo cha pembe, moja ni sehemu ya elfu ya umbali).

Risasi sasa. Usishawishike na boksi lililoandikwa kasi kubwa. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, ile risasi ya kasi inatoka juu ya hapo halafu inashuka chini yake ikiwa bado njiani, na pale inapovuka inayumba. Zile za kawaida zinatoka tayari chini ya sauti, zinatulia. Nunua aina tatu nne, mfano CCI Standard Velocity na SK, piga risasi tano tano za kila aina kwenye karatasi ya yadi 50, uone mtutu wako unapenda ipi. Ukiipata nunua nyingi zenye namba moja ya toleo, manake toleo lingine la jina hilohilo linaweza kupiga tofauti kabisa.

Weka sifuri yako yadi 50, yaani rekebisha skopu mpaka risasi ipige pale msalaba ulipo kwa umbali huo. Kwa risasi hizi, kufika yadi 100 utapandisha kitasa kama mili 2, ila hakikisha kwa kupiga mwenyewe, usiamini programu ya simu. Hapa ndo nilipoaibika: nimetoka steji ya yadi 100, nikasahau kurudisha kitasa, nikapiga kumi za yadi 50 zote zikapita juu ya kibati kama inchi tatu na nusu, na mi nalaumu upepo! Siku hizi nna plasta mkononi imeandikwa namba zangu na kila steji ikiisha kitasa kinarudi sifuri kabla sijasimama. Upepo upo kweli lakini, wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaisogeza kama inchi 1 kwenye yadi 50 na kama 4 kwenye 100.

Mazoezi mengi fanya nyumbani bila risasi. Hakikisha chemba (pale risasi inapokaa) tupu mara mbili, risasi ziwe chumba kingine, kisha ingiza kile kiplastiki cha njano cha kushikia skrubu ukutani, saizi 4-6, kinakaa kwenye chemba ya .22 vizuri tu na pini haigongi chuma. Weka mfuko juu ya mgongo wa kiti, bunduki juu ya mfuko, lenga swichi ya taa ukutani, halafu legeza mikono kidogo. Msalaba ukihama ujue ulikuwa unaibeba bunduki, jipange upya mpaka ikae yenyewe.

Siku yenyewe beba miwani, vizibo vya masikio, kibendera cha chemba (kiplastiki kinachoonyesha chemba ni tupu) na maji. Bolti wazi na kibendera ndani muda wote mpaka msimamizi aseme, mtutu usimwelekee mtu hata kwa bahati mbaya, utatolewa na hakuna wa kukutetea. Na kabla hujafungua hotpot ya maandazi nawa mikono kwa sabuni, hizi risasi zetu ni risasi kweli, ile madini yenye sumu ya kwenye betri za gari.