SOMO: Jinsi ya kumpima kinda wa hoki ya barafu kabla hujamwita garasa

Wakuu habari za saizi. Kuna ndugu kaniuliza mbona hapa Montreal kila kukicha watu wazima wanagombana kuhusu vitoto vya miaka 18, huyu anasema dogo ni moto yule anasema tumepigwa, sasa yeye atajuaje nani anaongea kweli. Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake nilete somo kabisa. Mimi sio skauti, naingia shifti ya usiku na mechi za Canadiens, timu ya hoki ya hapa Montreal, naziibia kwenye simu wakati wa mapumziko, ila nimetabiri vibaya mara nyingi kiasi kwamba saivi najua nilikuwa nakosea wapi.

Kwa wageni: NHL ndo ligi kuu ya hoki ya barafu Marekani na Kanada, timu 32. Kila mwaka ligi ikiisha timu zinagawana vijana kwa zamu, raundi 7, wanaita drafti (sio ile ya vizibo vya soda kijiweni). Timu zilizofanya vibaya ndo zinachagua mapema, na nani awe wa kwanza kabisa wanapiga bahati nasibu.

Mfano wetu ni drafti ya mwaka 2022. Ilifanyika hapa hapa Montreal na timu ya nyumbani ndo ilikuwa na namba 1, yani mji mzima uko pale na karibu wote wanalitaja jina moja, Shane Wright, senta (mshambuliaji wa kati) wa Kanada aliyetajwa tangu ana miaka 15. Canadiens wakapita pembeni wakamchukua Juraj Slafkovský, winga wa Slovakia, pande la mtu zaidi ya sentimita 190. Wright akashuka mpaka namba 4, akachukuliwa na timu ya Seattle. Kesho yake kwenye namba 62 wakamchukua beki mmoja mfupi anaitwa Lane Hutson na wala hakuna aliyegeuza shingo. Mimi usiku ule niliandika kwenye grupu letu "Slafkovský ni garasa, tumekwisha". Skrinishoti wanayo mpaka leo na kila Krismasi wananitumia.

HATUA YA 1: Tarehe ya kuzaliwa kwanza, magoli baadae

Kigezo cha drafti ni uwe umetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 mwezi wa tisa. Auston Matthews kazaliwa tarehe 17, siku mbili tu zikamfanya asubiri mwaka mzima, akaja kuwa namba 1 mwaka 2016. Kwahiyo unaweza ukakuta makinda wawili wa drafti moja mmoja kamzidi mwenzie karibu mwaka, na kwenye umri ule mwaka ni kitu kikubwa sana, mtoto analala mfupi anaamka suruali haimtoshi. Hawa watatu wetu wamezaliwa wote mwanzoni mwa 2004 kwahiyo hapa umri hautusaidii, twende mbele.

HATUA YA 2: Kafunga wapi na kamfunga nani

Hapa ndo wengi tunaanguka. Msimu wa 2021-22 Wright alipata pointi 94 kwenye mechi 63 (kwenye hoki goli ni pointi na asisti ni pointi). Slafkovský kwenye ligi ya Finland alipata pointi 10 kwenye mechi 31. Ukiishia hapo utasema Canadiens wamerogwa. Lakini Wright alikuwa kwenye ligi ya vijana wenzie, na Slafkovský alikuwa anacheza na wanaume wenye ndevu na watoto shule, anapewa dakika chache. Ni kama ulinganishe mfungaji bora wa UMISSETA na dogo anayeingia dakika ya 80 pale Yanga.

Ila usidanganyike upande wa pili pia. Februari 2022 Slafkovský akiwa na miaka 17 alienda Olimpiki ya Beijing akafunga magoli 7 kwenye mechi 7, Slovakia wakabeba shaba, medali yao ya kwanza ya Olimpiki kwenye hoki, na yeye akawa mchezaji bora wa mashindano. Dunia ikapagawa. Sasa jiulize, wachezaji wa NHL walikuwepo? Hawakuwepo, korona iliwazuia. Alafu mechi 7 ni nini, mbona kila msimu tunaona straika anafunga mechi tano mfululizo kisha anapotea mpaka mwaka mpya. Ile Olimpiki ilituonyesha kwamba haogopi jukwaa kubwa. Kwamba atafunga magoli 40 NHL, hilo haikulisema.

HATUA YA 3: Angalia mechi nzima

Video za dakika tatu za mtandaoni achana nazo, hata mimi ukinikatia vizuri naonekana najua mpira. Tafuta mechi nzima na umfuate yeye tu, hata kisahani (ndo mpira wa hoki) kikiwa upande wa pili. Kwenye hoki mchezaji anaingia barafuni sekunde 40 hadi 50 hivi anatoka, wanapokezana, kwahiyo sio kazi ngumu. Angalia anageuza kichwa mara ngapi kabla ya kupokea. Angalia akipoteza kisahani anarudi mbio au analalamika kwa refa. Angalia sekunde kumi za mwisho akiwa amechoka anafanya maamuzi gani.

HATUA YA 4: Gawa udhaifu mafungu mawili

Kama una haraka soma hii tu. Chukua karatasi, andika kila kinachokukera kwa kinda, alafu kila kimoja kiulize: hiki kinafundishika?

Kilo zinaongezeka. Shuti inaboreshwa, kuna watu wamebadilisha shuti wakiwa na miaka 23. Kukaa mahali sahihi wakati wa kukaba kunafundishwa na kocha yeyote mwenye subira. Namna ya kuteleza nayo inarekebishika kiasi fulani, ila mtu mzito hageuki swala. Kile ambacho sijawahi kuona kinafundishwa ni macho, yani kuona nafasi kabla haijafunguka, kujua mwenzio atakuwa wapi sekunde moja mbele. Hicho ama unacho ama huna.

Sasa mrudie Hutson na karatasi yako. Mfupi, futi 5 na inchi 9 hivi, tena siku zile mwembamba kama fimbo yenyewe. Alienda kwenye usaili wa timu na barua ya daktari kuonyesha kwamba mwili wake unachelewa kukua na bado ana nafasi ya kurefuka, fikiria kijana unabeba cheti cha urefu kama unaomba kazi jeshini. Udhaifu wake karibu wote ulikuwa wa fungu la kwanza, kilo, nguvu ya kukaba, papara ya kujaribu vitu vigumu. Na ubora wake wote ulikuwa wa fungu la pili. Anasimama pale juu kwenye mstari wa bluu, unapoanzia upande wa goli la wapinzani, anatikisa bega kushoto, beki mzima anaondoka na bega hilo, yeye huyo kapita kulia. Chuo cha Boston University alipata pointi 48 kwenye mechi 39, mwaka uliofuata 49 kwenye mechi 38, na ni BEKI. Msimu wake wa kwanza kamili NHL, 2024-25, asisti 60 na magoli 6, akafikia rekodi ya asisti ya beki mgeni (yani aliye msimu wake wa kwanza kwenye ligi) iliyowekwa na Larry Murphy msimu wa 1980-81, na akachukua tuzo ya Calder ya mgeni bora wa ligi, Canadiens hawakuwa wameipata tangu Ken Dryden mwaka 1972.

Na hii ndo inayonichekesha, Canadiens wenyewe walimruka. Kabla ya kumchukua walishachagua watu watatu, namba 1, namba 26 na namba 33. Kwahiyo mtu akikwambia "sisi tulijua" mwambie akae chini.

HATUA YA 5: Kaangukia mikononi mwa nani

Kocha wa Montreal ni Martin St. Louis, mtu wa futi 5 na inchi 8 ambaye hakuchaguliwa drafti kabisa, akaja kuwa mchezaji bora wa NHL mwaka 2004 na kuchukua Kombe la Stanley, ndo ubingwa wa NHL, mwaka huo huo. Unadhani huyo atamwambia Hutson "wewe mfupi, kaa benchi"? Kinda huyo huyo kwa kocha mwingine angeambiwa piga mbele kisahani usituletee matatizo na leo tusingekuwa tunamuongelea.

HATUA YA 6: Subiri

Miaka mitatu kwa mshambuliaji, minne kwa beki. Basi.

Karibuni maswali, ila matusi ya timu pelekeni kule kwenye uzi wa usajili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee wa Kijiweni: Mkuu umezunguka sana, nijibu kwa kifupi, Slafkovský au Wright, nani alistahili namba 1?

Jibu: Haha sawa mzee wangu. Msimu wa kwanza Slafkovský alipata pointi 10 kwenye mechi 39 na akaumia goti, nikasema nilisema. Msimu wa pili pointi 50, wakampa mkataba wa miaka 8, dola milioni 60.8. Nikanyamaza. Msimu wa 2024-25 yeye 51, Wright 44. Lakini kuna Logan Cooley, namba 3 wa drafti hiyo hiyo, alipata 65, kwahiyo mtu akija na jina hilo simbishii. Na tukiirudia drafti leo Hutson hafiki hata namba 5 hajachukuliwa.

Dada wa Winnipeg: Mimi naona unamuonea Wright. Ligi yake ilifutwa mwaka mzima wa korona, 2020-21 hakucheza hata mechi moja ya ligi, alafu Seattle wakamrusha huku na kule, misimu miwili ya kwanza kacheza NHL mechi 8 na 8. Hapo kinda anakuaje?

Jibu: Dada uko sahihi na ilitakiwa niiweke kwenye hatua ya 5. Mwaka mmoja bila mechi za ligi kwenye miaka 16, 17 ni pengo kubwa, halafu watu wakaja kusema "hajaongezeka". Goli lake la kwanza NHL alitufunga sisi Montreal, Desemba 2022, nadhani ujumbe tuliupata.

Fundi Geji: Mtu mfupi kama Hutson kwenye hoki si anasagwa? Nimeona wale jamaa wanabamizana ukutani mpaka kioo kinatikisika.

Jibu: Anagongwa ndio, lakini ili umgonge lazima umkute. Wafupi wanaofanikiwa wanatoa pasi nusu sekunde kabla ya mgongano. Ila ni kweli akikaba mbele ya goli lake na akakutana na jitu la kilo 100 anasukumwa, hilo bado lipo na kocha anampa mwenza mkubwa wa kumsaidia. Udhaifu hauishi fundi, unafichwa.

Golikipa Mstaafu: Makipa mbona umewaruka?

Jibu: Kwasababu makipa hakuna anayewajua, hata wanaolipwa kuwajua. Dustin Wolf wa Calgary alichukuliwa namba 214 mwaka 2019, wakati drafti inakaribia kufunga virago, kisa mfupi kwa kipa. Kwenye tuzo ya Calder aliyochukua Hutson huyo kipa alikuwa wa pili. Kwa kipa weka miaka mitano na usimtukane mtu.

Mgeni Jijini: Demidov je, yule kinda wa Canadiens kutoka Urusi? Huku naona wanamuita mkombozi tayari.

Jibu: Mpitishe kwenye hatua. Namba 5 drafti ya 2024. Alipata pointi 49 kwenye ligi ya Urusi msimu wa 2024-25, tena ligi ya watu wazima, hakuna aliye chini ya miaka 20 aliyewahi kufika hapo, na dakika alikuwa anapimiwa kama sukari ya mgonjwa. Aprili 2025 akatua hapa, mechi ya kwanza goli na asisti. Macho anayo, mikono anayo. Wasiwasi wangu ni kilo na kurudi kukaba. Hayo ni fungu gani?

Mgeni Jijini: La kwanza.

Jibu: Umeelewa somo.

Mtoto wa Nairobi: Mkuu sisi huku tuna timu ya hoki, Ice Lions, tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa barafu pale Panari, na Kenya iliingia shirikisho la hoki la dunia 2024. Kuna kijana wetu mkali sana wa kuteleza, hizi hatua zinafanya kazi kwa uwanja mdogo?

Jibu: Safi sana, nawafuatilia. Hatua ya 2 ndo itakusumbua maana uwanja wenu ni mdogo kuliko wa kawaida, kule mbio zinaisha kabla hazijaanza, kwahiyo usimpime kwa spidi. Mpime kwa kichwa. Kaa na simu, hesabu anaangalia nyuma mara ngapi kabla kisahani hakijamfikia, fanya hivyo mechi tatu.

Mtoto wa Nairobi: Sawa, jumatano tuko na mazoezi, nitahesabu nilete majibu hapa.

Mzee wa Kijiweni: Na ile skrinishoti nayo iletwe.