Jinsi ya kuomba bima ya maisha na kupata ada nafuu: neno kutoka kwa anayesoma fomu zenu

Kazi yangu ni kusoma maombi ya bima ya maisha na kupendekeza mwombaji atozwe ada gani. Mwombaji mwenyewe simwoni. Kinachofika mezani kwangu ni fomu, majibu ya vipimo na, ikiwa bahati nzuri, barua ya daktari. Naandika haya kwa sababu mara nyingi naona watu wenye afya njema wakipangiwa ada ya wagonjwa, na kilichowaponza ni fomu iliyojazwa harakaharaka. Mtathmini haruhusiwi kukudhania mema. Palipoachwa wazi anahesabu hatari, na hatari hiyo utailipia wewe mwaka baada ya mwaka mpaka mkataba uishe.

Kabla ya kuigusa fomu, jua unaomba nini. Jiulize ni nani watakaokwama kipato chako kikikatika leo, na watakwama kwa muda gani. Andika madeni yote, karo mpaka mtoto wa mwisho ajitegemee, na matumizi ya nyumba kwa miaka yote hiyo. Kisha toa akiba uliyonayo na bima unayopewa kazini. Kinachobaki ndicho kiasi cha fidia unachohitaji. Mzazi mwenye watoto wadogo na mkopo wa nyumba, mimi ningemshauri achukue bima ya muda maalumu, ya miaka 15, 20 au 30, yenye ada isiyopanda katikati. Kwa fidia ileile, ada yake ni ndogo mara kadhaa kuliko ya bima ya maisha yote, ambayo ina akiba ndani yake na ambayo kampuni inajua kwamba ipo siku italipa. Lakini ukiwa na mtu atakayekutegemea daima, kwa mfano mtoto mwenye ulemavu mkubwa, bima ya maisha yote ina sababu nzuri. Omba pia makadirio ya viwango viwili vitatu vya fidia. Kampuni nyingi hupanga fidia kwa madaraja, na bei ya kila elfu moja hushuka unapovuka daraja. Hutokea fidia kubwa kidogo ikawa na ada ndogo kuliko iliyo chini yake, na mwombaji asijue kwa kuwa hakuuliza.

Umri nao una hesabu zake. Kampuni nyingine huangalia umri uliotimiza, nyingine huangalia siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi. Kwa hesabu hii ya pili, mtu wa miaka 39 na miezi 7 ameshakuwa wa miaka 40. Uliza wanatumia ipi kabla hujasema utarudi mwezi ujao. Baadhi hukubali kurudisha nyuma tarehe ya kuanza mkataba kwa miezi michache ili uingie na umri mdogo. Utalipia miezi hiyo iliyopita, lakini nafuu utakuwa nayo muda wote wa mkataba. Wapo wanaoona ni uonevu umri kuingizwa kwenye ada. Mimi huwakumbusha habari ya James Dodson, mwalimu wa hisabati wa London katika karne ya 18. Alikataliwa na chama cha bima cha Amicable kwa sababu alikuwa amepita miaka 45, maana chama hicho hakikuwa na namna ya kumtoza mtu kulingana na umri wake. Dodson akaketi kupiga hesabu ya ada inayofuata umri. Alifariki mwaka 1757, na mwaka 1762 ikaanzishwa kampuni ya Equitable ikitumia njia yake. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango watu wa makamo.

Tumbaku ndiyo inayopandisha ada kuliko karibu kila kitu kilicho mikononi mwako. Mvutaji hutozwa mara mbili ya asiyevuta, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kampuni nyingi zinataka uwe umekaa miezi 12 kamili bila kugusa tumbaku ndipo zikuhesabu kuwa huvuti. Hapa huingia sigara za kielektroniki, ugoro na tumbaku ya kutafuna, na katika kampuni nyingi hata plasta za nikotini za kubandika mwilini. Mkojo hupimwa kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, kwa hiyo kuacha sigara siku mbili kabla ya kipimo hakusaidii. Kama bado unavuta na watoto wanakutegemea, usingoje mpaka uache. Chukua bima sasa kwa ada ya mvutaji, acha sigara, na mwaka ukitimia andikia kampuni kuomba ada ipitiwe upya. Wengi hawajui kwamba wana nafasi hiyo.

Sasa nije kwenye maradhi, maana hapa ndipo jalada moja hutofautiana na jingine. Chukua waombaji wawili wa aina ninayoipokea kila mara, wote wana presha. Kwenye swali la shinikizo la damu, wa kwanza ameandika: "Ndiyo, natumia dawa." Basi. Wa pili ameandika: "Niligunduliwa Machi 2019. Natumia amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku, dozi haijabadilishwa tangu 2020. Vipimo vyangu vitatu vya mwisho kliniki ni 128/82, 124/80 na 126/78. Sijawahi kulazwa. Moyo na figo vilipimwa mwaka jana, majibu nimeambatisha." Huyu wa pili naweza kumpendekezea ada ya kawaida nikiwa na moyo mweupe. Wa kwanza huenda presha yake imetulia kuliko ya mwenzake, lakini sina cha kushika. Nitamwandikia daktari wake, barua itachelewa, na isipokuja nitamwekea ongezeko la ada. Katika kampuni nyingi ongezeko hupanda kwa ngazi za asilimia 25.

Kwa hiyo kila ugonjwa ulioutaja uandikie mambo haya: uligunduliwa lini, dawa gani na dozi gani, vipimo vya karibuni vikoje, umewahi kulazwa au la, na nani anakuhudumia. Mwenye kisukari atafute kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu iliyopita. Mwenye pumu aseme mara ya mwisho kubanwa ilikuwa lini. Aliyepata sonona aeleze matibabu aliyopewa na kwamba sasa anafanya kazi zake kama kawaida, ikiwa ndivyo. Na kabla ya yote, omba kuliona jalada lako la hospitali. Humo huwa na makosa: neno "mvutaji" lililoandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta, au ugonjwa ulioshukiwa tu na baadaye ukaonekana haupo, lakini haukufutwa. Daktari akisahihisha mapema, mimi kosa hilo sitalikuta.

Siku ya vipimo, jali zaidi presha, kwa sababu inachafuka kirahisi. Omba miadi ya asubuhi. Usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi walau nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu usiikunje nne. Mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mpana, kwani mwembamba hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Usizungumze wakati unapimwa. Namba ikija juu, omba kwa adabu kurudiwa baada ya dakika kumi. Mpimaji mzuri huandika zote, nami nikiona 148/92 ikifuatiwa na 132/84 naelewa kwamba ulikuwa na wasiwasi.

Ukiambiwa ufike bila kula, ni saa 8 hadi 12 tangu mlo wa mwisho, na maji yanaruhusiwa. Dawa zako za kila siku usiziache bila kumuuliza daktari. Mazoezi mazito yaache siku moja au mbili kabla, maana yanaweza kuleta protini kwenye mkojo na kupandisha vimeng'enya ambavyo mtathmini huvisoma kama dalili ya ini kuumia. Pombe nayo iache siku hizo. Mwanamke aliye kwenye hedhi aombe siku nyingine, damu ikionekana kwenye mkojo huzua maswali ya figo yasiyo ya lazima.

Uzito unaangaliwa pamoja na urefu. Ukiwa umepungua sana ndani ya mwaka mmoja, baadhi ya kampuni hukurudishia nusu ya kilo ulizopunguza katika hesabu zao, kwa kuwa watu wengi hunenepa tena. Historia ya familia huuliza hasa wazazi na ndugu waliopata ugonjwa wa moyo au saratani kabla ya miaka 60. Taja umri waliougua, usiandike "baba, moyo" ukaishia hapo. Baba aliyekufa kwa moyo akiwa na miaka 78 hakupandishii kitu. Kazi ya hatari na michezo kama kuzamia baharini huelezwa kwa kina: unazamia mita ngapi, una cheti gani.

Kuhusu kuficha ugonjwa, naomba unisikilize vizuri. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Mwenye bima akifariki mapema, na katika nchi nyingi hiyo ni ndani ya miaka miwili ya mwanzo, kampuni hurudi kwenye fomu na kuilinganisha na majalada ya hospitali. Ikikuta kisukari kilichofichwa, inaweza kukataa fidia na kurudisha ada tu. Barua hiyo haimfikii aliyeficha. Inamfikia mjane mwenye watoto, ambaye alikuwa na haki ya kutegemea neno la mumewe. Nimezisoma barua hizo na zinaniuma. Wakala akikwambia "hilo usiliandike, litakucheleweshea," liandike. Na usitie saini fomu aliyokujazia mpaka umesoma kila jibu, kwa kuwa saini ni yako.

Ukiletewa ada ya juu, usiikubali wala usiikatae siku hiyohiyo. Omba sababu kwa maandishi. Kampuni hazipimi hatari sawa: moja ni kali kwa kisukari, nyingine kwa uzito. Ukijua una tatizo la kiafya, mtumie wakala anayefanya kazi na kampuni kadhaa, aulize kwanza bila kutaja jina lako na bila ombi rasmi, kwani maombi mengi yana swali la kama umewahi kukataliwa, na jibu la ndiyo linakufuata. Kama una bima ya zamani, usiiache mpaka mpya imeanza kufanya kazi na mkataba uko mkononi.

Kulipa kwa mwaka huwa nafuu kuliko jumla ya malipo ya kila mwezi. Mkataba ukifika, usome ndani ya zile siku za mwanzo ambazo unaruhusiwa kuurudisha na kurejeshewa fedha. Angalia yasiyolipiwa na siku za neema ada ikichelewa, ambazo mara nyingi ni kama 30. Wanufaika waandike kwa majina kamili na asilimia ya kila mmoja, na mtoto mdogo mwandikie msimamizi. Kisha wape jina la kampuni na namba ya mkataba, waandike mahali wanapopajua, kwa sababu kwa kawaida kampuni haipati habari kwamba umefariki mpaka mtu aje kuiambia.