Kukanda Misuli ya Farasi wa Kupandwa

Farasi anayepandwa mara kwa mara, awe wa mbio katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, wa polo kule Gilgil au wa kutembeza wageni Laikipia, hubebeshwa uzito wa tandiko na mpandaji juu ya misuli miwili mirefu iliyolala kando ya uti wa mgongo. Misuli hiyo ikikaza, farasi hufupisha hatua, hulaza masikio nyuma anapofungwa mkanda wa tandiko, hudidimiza mgongo mpandaji anapokalia, au hukataa kugeukia upande mmoja. Inasikitisha kwamba wengi humwita mkaidi na kumchapa, ilhali anaumwa.

Kabla ya kumkanda, mtembeze polepole kwa dakika 10 ili misuli ipate joto, kisha mfunge mahali tulivu, au bora zaidi saisi (mtunza farasi) anayemfahamu amshike. Simama kando ya bega lake na upitishe kiganja chote, taratibu, kuanzia shingoni hadi kiunoni kwa kufuata manyoya yanakolalia. Mkono huu wa kwanza ni wa kuchunguza: utahisi palipo na joto kuliko kwingine, palipo pagumu, na ngozi inayotetemeka ikiguswa. Ukifika palipokaza, tumia ncha za vidole au kitako cha kiganja kukanda kwa miduara midogo, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, na usikandamize kamwe mfupa wa uti wa mgongo wenyewe. Farasi ndiye atakayekuambia kama nguvu inatosha. Akiinamisha kichwa, akalegeza mdomo wa chini, akapiga miayo au kutafunatafuna bila chakula, endelea. Akikaza mgongo, akikwepa au akigeuka kutaka kuuma, punguza nguvu au acha. Usisahau mabega na kifua, kwa kuwa farasi hana mfupa wa mtulinga, ule unaounganisha bega na kifua, na miguu yake ya mbele imeshikizwa kiwiliwilini kwa misuli na kano, hivyo sehemu hizo huchoka sana.

Asikandwe farasi mwenye homa, jeraha, uvimbe wa moto, ugonjwa wa ngozi au anayechechemea bila sababu kujulikana. Aliyekakamaa baada ya kazi, akatokwa na jasho jingi na kukojoa mkojo wa rangi ya kahawa, asikandwe wala asitembezwe: aachwe aliposimama na daktari wa mifugo aitwe mara moja.

Mkazo unaorudi mahali palepale baada ya kila safari una chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho ni tandiko. Livue farasi akiwa bado na jasho, uangalie mgongo: doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, hasa likiwa upande mmoja tu, huweza kuonyesha kwamba tandiko linabana hapo, na nywele nyeupe zilizoota mahali hapo huashiria kwamba shinikizo limekuwapo muda mrefu. Kagua pia meno, kwato na jinsi mpandaji anavyokaa, maana anayeegemea upande mmoja huumiza upande huohuo wa mgongo. Hadi chanzo kipatikane, farasi huyo apumzishwe kupandwa, na saisi aendelee kumtembeza kwa kamba bila tandiko.