Mtandao ukiwa hafifu, iweke simu mbali na sikio

Mtandao ukishuka hadi mstari mmoja, simu huongeza nguvu ya mawimbi ili iufikie mnara. Na hapo ndipo wengi wetu tunapoibana sikioni kabisa! Tafadhali, weka spika ya nje au tumia hedifoni za waya. Hata sentimita chache hupunguza sana mawimbi yanayofika kichwani. Madhara hayajathibitishwa, ingawa IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B (huenda yakasababisha saratani) mwaka 2011, na tahadhari hii haina gharama.

Simu nyingi ukibonyeza *#07# huonyesha SAR, yaani nishati inayofyonzwa na mwili. Kikomo cha kichwani Ulaya ni wati 2 kwa kilo, Marekani 1.6.

Vibandiko vya "kuzuia mionzi" usinunue. Vikiziba antena, simu huongeza nguvu zaidi.